Nipe Nikushikie Mtoto

Maji yaliyochemka yalipoangukia mawe ya chemchemi, mtoto mchanga alilia. Alilia mara moja tu, kilio kikali kilichokatika katikati kana kwamba kuna mtu amemziba mdomo, na Bushaib, kondakta wa basi la Marrakesh kwenda Zagora, akatupa beseni na kukimbilia mlango wa basi. Binti yake Tuda alikuwa humo ndani, na hakukuwa na mtoto mwingine mchanga safari ile.

Alimkuta amelala fofofo kifuani mwa mama yake.

"Nani kalia?" Bushaib aliuliza.

Mahjuba, mkewe, alifungua jicho moja. "Nani mwenye nguvu za kulia na jua hili? Na huo mkono umeufanya nini?"

Mkono ulikuwa mwekundu, umeanza kuvimba. Basi lilikuwa limepanda nusu ya mlima Tishka, injini ikatokota, Hammu dereva akaegesha kwenye chemchemi na kusema wangoje rejeta ipoe. Lakini abiria walinung'unika, na Bushaib mwenyewe alikuwa na haraka kuliko wote. Huko Zagora mama yake, Bibi Yamna, alikuwa amefunga kondoo mlangoni akimsubiri mjukuu ambaye hajamwona. Miaka mingi mama huyo alikuwa akimshauri mwanawe aoe mke mwingine mwenye kizazi. Leo Bushaib alitaka kuingia nyumbani jua halijazama, mtoto mkononi, majirani wote wakiwa mlangoni waone. Kwa hiyo akafungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa, mvuke ukamrukia, maji yakakingwa kwenye beseni, naye akayamwaga palepale kwenye mdomo wa chemchemi.

Katika nchi ile hakuna mtu anayemwaga maji ya moto kimyakimya. Hata profesa wa Rabat, akiwa peke yake jikoni na sufuria ya tambi, husema kwanza, "Bismillahi, kwa idhini yenu, wenyeji," ili wanaokaa chini ya ardhi wapate kuwaondoa watoto wao. Bushaib alilijua hilo tangu anatambaa. Ila siku ile mkono ulikuwa unawaka, ulimi ukatangulia akili, na mahali pa bismillahi akatoa tusi. Lilikuwa tusi la mama, na mimi sitaliandika hapa.

"Umesema maneno yanayosemwa?" Hammu alimuuliza, akimimina maji ya baridi.

"Nimesema."

"Mbona nimesikia mengine?"

"Wewe endesha gari, Hammu. Ukitaka kuwa imamu, kaombe kazi msikitini."

Hammu akacheka, wakaondoka.

Hawajamaliza hata kona ya pili, mwanamke akanyoosha mkono kando ya barabara. Alijifunika shuka jeusi kama wanawake wa kusini, lililobakiza jicho moja, na mikononi alikuwa na kichanga kilichofungwa kwa sufu kuanzia utosini hadi miguuni. Hapakuwa na nyumba mahali pale, wala mbuzi, wala njia ya miguu. Hammu alisimama, ni dereva gani atampita mwanamke mwenye mtoto katika jua la mchana?

Bushaib akampangia kiti kama anavyompangia kila mwanamke anayesafiri peke yake: kando ya mwanamke mwenzake. Alimwinua kijana mmoja mwenye simu, akamsukumia nyuma, na kiti kilichopatikana kilikuwa cha ubavuni mwa Mahjuba. Akaona amefanya la maana. Akamwambia mkewe, "Huyu dada naye ana mtoto, mtazungumza."

Mwanamke alipopita, pindo la shuka lake lilikuwa linachuruzika maji. Bushaib akafuta sakafu kwa kiatu, maji hayakufutika. Kisha akasikia harufu. Ilikuwa harufu ya kuku aliyetumbukizwa kwenye maji ya moto ili anyonyolewe. Akadhani abiria fulani amebeba chakula kibovu, akafungua dirisha.

Juu ya Tishka kona zinafuatana bila huruma, na kondakta hapo kazi yake ni kugawa mifuko myeusi ya kutapikia. Mahjuba hakuwa mtu wa milima. Kona ya kwanza alivumilia, ya pili akawa kijivu, kisha akaanza kuhangaika, mkono mmoja kwenye mfuko, mwingine kwa Tuda aliyekuwa akiteleza magotini.

"Nipe nikushikie mtoto, dada," mwanamke akasema. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya upole, na ilitoka taratibu.

Mahjuba akasita. Mwenyewe hakujua kwa nini alisita. Kwenye basi watoto hupitishwa kutoka paja hadi paja, na mama anaweza kumkuta wake viti sita mbele akilishwa yai na mtu asiyemjua. Lakini alimkumbatia Tuda zaidi, akatikisa kichwa, huku matapishi yakimjia.

"Mpe bwana, utamtapikia!" Bushaib akasema, kwa kelele, watu wakageuka. Akainama, akamchomoa Tuda mikononi mwa mkewe na kumlaza kwenye mapaja ya yule mwanamke, kando ya kile kichanga kingine. Alifanya hivyo kwa mikono yake miwili. Tuda hakulia. Mwanamke akawafunika wote wawili kwa shuka lake.

Gari lilipoteremka upande wa pili na Mahjuba alipofuta mdomo, mwanamke alimrudishia mtoto. Amelala, alisema, usimfunue, kuna upepo. Kisha akasimama kwenye kona tupu yenye mawe na korongo, akasema anashuka hapo.

Mlangoni alisimama karibu sana na Bushaib. "Nimempa mkeo wangu amtunze," alimwambia kwa ile sauti nzuri. "Maji yako yamemharibu, na mimi siwezi kumtazama. Mtakavyomtunza wangu, ndivyo nitakavyomtunza wenu. Akipona nitakuja tubadilishane."

Bushaib alicheka kidogo, kama mtu anavyomcheka mgonjwa wa akili ili ashuke salama. Alipotazama kwenye kioo cha pembeni, barabara ilikuwa tupu, na kwenye lami hapakuwa na kitu ila doa la maji linalotoa mvuke. Hakumwambia mtu. Aliogopa kuonekana mjinga, na zaidi ya hapo aliogopa kumfunua mtoto.

Aliyemfunua ni Bibi Yamna, Zagora, mbele ya majirani, na kondoo akilia mlangoni. Aliifungua sufu huku akipiga vigelegele, vigelegele vikamfia kooni. Uso ulikuwa wa Tuda, pua ya Tuda, hata kovu dogo la ukucha kwenye shavu. Lakini kuanzia shingoni hadi kiunoni ngozi ilikuwa imebabuka na kuning'inia, na mtoto alipofumbua macho, hayakuwa na weupe. Yalikuwa meusi yote, na yalimtazama kila mtu mmoja mmoja kama anayewahesabu.

Majirani waliondoka bila kuaga. Bushaib akawasimulia mkewe na mama yake yote, tusi na maneno ya mlangoni, akiwa amekaa chini na uso ukutani.

Bibi Yamna alijitemea mate kifuani ili kujikinga. "Kitupe kwenye korongo."

"Hakitupwi," Mahjuba alisema. Alikuwa tayari ameshafungua vifungo vya kifua. "Hamkusikia alivyosema? Wangu yuko kwake. Nikimtupa huyu korongoni, wangu analala wapi leo?"

Akamnyonyesha. Meno yalikuwamo, membamba, na alimng'ata, na Mahjuba akajiziba mdomo kwa kitambaa ili asipige kelele akamshtua.

Tangu siku hiyo Mahjuba aliishi maisha ambayo simwombei adui yangu. Asubuhi alimpaka asali, adhuhuri mafuta ya zeituni, jioni alimpepea vidonda kwa kipepeo cha makuti ya mtende. Nyumba nzima ilinuka kuku wa kunyonyolewa, nguo zilinuka, mkate ulinuka. Kilio cha kile kitoto kilikuwa na sauti mbili, moja juu na moja chini, na ile ya chini iliendelea hata mdomo ukiwa umefungwa. Mbwa wa mtaa walihama. Mahjuba alikonda akabaki macho.

Lakini alikuwa na jambo moja la kumtia nguvu. Uani, chini ya bomba, palikuwa na tundu la kupitishia maji machafu. Kila alipomwimbia yule mtoto, akimpaka asali, tundu lile lilicheka. Kicheko cha Tuda, chenye kikwikwi mwishoni.

"Anamchezesha," alimnong'oneza Bushaib aliporudi safarini. "Nikimbembeleza wake, naye ananibembelezea wangu. Inama usikilize, Baba Tuda. Tafadhali inama."

Bushaib aliinama. Alisikia maji tu. Kicheko hakikuja kwa sababu mtoto ndani alikuwa amelala na hakuna aliyekuwa akimwimbia, lakini yeye hakufikiri hivyo. Alifikiri mkewe anarukwa na akili.

Na kazini nako hakukuwa na raha. Habari zilikuwa zimemtangulia kituo hadi kituo. Wapiga debe wa Warzazate walimwita Baba wa Jini, wauza mishikaki walimuuliza kama binti anakula nyama mbichi au ya kuchoma. Abiria mmoja alikataa kupokea mfuko wa kutapikia mkononi mwake. Bushaib, ambaye alitaka sana watu wote wawe mlangoni wamwone, sasa alipita vichochoroni. Hilo ndilo lililomuuma. Watu humsingizia mama yake kwamba ndiye aliyemsukuma amwite mpunga majini. Kweli alisukuma, lakini alikuwa anamsukuma mtu anayeteremka mlima.

Fakihi Mbark, ndiye mpunga majini huyo, aliletwa siku ambayo Mahjuba alikwenda hamamu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nje tangu wafike Zagora. Bushaib mwenyewe ndiye aliyembembeleza aende, akampa sabuni na taulo, akamwambia, "Nenda upumzike, mama Tuda, mtoto nitamshika mimi." Mahjuba alimshukuru mpaka machozi. Vidonda vilikuwa vimekauka. Mgongoni ngozi mpya ilikuwa inaota, laini, ya waridi. "Siku chache tu," alisema mlangoni. "Siku chache tu atakuja tubadilishane."

Fakihi alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye ndevu zilizopakwa hina. Alimgeuza mtoto kwa fimbo kama mtu anayekagua nyama sokoni.

"Mnamlisha asali?" alicheka. "Asali! Mnampa starehe, aondoke aende wapi?"

"Mama yake alisema tutakavyomtunza..." Bushaib alianza.

"Mama yake ni jini. Jini ni mwongo tangu tumboni. Amewafunga kwa maneno ili mumlelee mwanawe bure. Hawa wana dawa moja, kaka: chuma na chumvi. Akiumia, mama yake atamtupa wako na kumkimbilia wake. Utamkuta binti yako hapahapa kwenye beseni, analia njaa. Unataka au hutaki?"

Bushaib alitaka. Alitaka nyumba isinuke, alitaka apite barabarani kichwa juu, na ndiyo, alimtaka pia binti yake, tusimnyime hilo. Bibi Yamna alileta beseni la maji ya chumvi na kuliweka uani kando ya bomba. Fakihi alitia mundu kwenye makaa, akaanza kusoma, na adhuhuri ile, jua likiwa limesimama katikati ya ua pasipo kivuli hata cha ukuta, mtoto aliacha kulia kwa sauti zote mbili, akamnyooshea Bushaib mikono, akamwita "baba" kwa sauti ya Tuda, neno ambalo Tuda mwenyewe alikuwa hajawahi kulisema.

"Anakudanganya," fakihi alisema. "Mshike."

Bushaib akamshika. Mundu ulipogusa ile ngozi mpya ya waridi ambayo mkewe aliipata kwa asali na kwa damu ya kifua chake, mtoto alijikunja bila kutoa sauti yoyote, hata pumzi, na kilio kilitoka pengine kabisa, kilitoka chini, kwenye tundu la maji machafu pale miguuni pake, kilio kimoja kirefu chenye kikwikwi mwishoni, ambacho Bushaib alikijua kuliko anavyolijua jina lake, na akataka kusema acha, akafungua mdomo aseme acha, lakini fakihi alikuwa tayari ameinua mundu na kuurudisha mara ya pili, na ya tatu, akisoma kwa sauti ya juu kufunika kile kilio, na maji ya chumvi yakamwagwa juu ya vidonda, na tundu likalia mpaka likakaukiwa na sauti, likawa linakoroma tu kama bomba lililokosa maji.

Kisha mikononi mwa Bushaib mkabaki sufu mbichi tupu.

"Ametoka!" fakihi akasema, anajifuta jasho. "Alhamdulillahi. Kazi imekwisha."

Walitazama ndani ya beseni. Humo mlikuwa na maji tu. Walingoja. Fakihi alichukua jogoo aliyelipwa kwa kazi hiyo na kusema wakati mwingine huchelewa.

Mahjuba alirudi kutoka hamamu uso umetakata, akinukia sabuni, akiwa na chungwa alilomnunulia mtoto alinyonye. Aliiona sufu kwenye kamba. Aliliona beseni, na mundu. Alilala kifudifudi kwenye tundu la maji, shavu kwenye saruji, akaanza kuimba wimbo aliouimba kila siku, na alipomaliza alisikiliza, na akauanza upya. Wanawake wa mtaa walikuja kumwinua wakashindwa.

Bushaib alirudi kazini. Angefanya nini? Kila walipopita Tishka alisimama mlangoni, akiangalia mawe. Hammu hakutania tena. Safari moja, mchana, injini ikiwa nzima na chemchemi imeachwa nyuma kidogo, mkono ukanyooshwa kando ya barabara.

"Usisimame," Bushaib alinong'ona.

"Mwanamke na mtoto katika jua hili?" Hammu alisema, na mguu wake ulikuwa tayari kwenye breki.

Hakupanda. Alibaki chini, shuka jeusi linachuruzika, akainua kile alichobeba hadi mlangoni.

"Mkeo ni mtu mwema," alisema. "Kwa ajili yake wako alilala kifuani mwangu kila siku, na nilimwimbia, na alinizoea. Nilitaka kumrudisha mzima. Halafu wewe ukawasha makaa." Ile sauti nzuri ilikatika, akaikusanya tena. "Wangu hataki kuguswa na mtu. Anamlilia mkeo. Chukua wako."

Bushaib alipokea. Harufu ya kuku wa kunyonyolewa ilimpanda puani. Aliifunua sufu kidogo tu, upande wa uso, na Tuda alikuwa hapo, na macho yalikuwa na weupe wake, na alikuwa hai. Bushaib akapiga magoti mlangoni na kumshukuru Mungu kwa sauti. Kisha mkono wake ukapita mgongoni mwa mtoto, chini ya sufu, ukakuta alama za mundu, mbichi, zenye chumvi, zikiwa vilevile zilivyopangwa siku ile.

Tuda alimtazama baba yake. Aliutazama ule mkono. Akapiga ukelele na kujitupa upande wa mlango, mikono yote miwili imenyooshwa kwa yule mwenye shuka jeusi, aliyekuwa amesimama barabarani bila kusogea.

"Endesha!" Bushaib alisema. "Hammu, endesha!"

Basi likaondoka. Mtoto alilia akiangalia kioo cha nyuma, akapigana, akamkwaruza baba yake usoni, na abiria wakaanza kuinuka vitini.

"We kondakta, una wazimu? Simamisha gari! Mama yake umemwacha barabarani!"

"Huoni mtoto anamtaka mama yake?"

"Mwizi wa watoto huyu!"

"Ni wangu," Bushaib alisema. "Mimi ndiye baba yake. Ni wangu." Na kadiri alivyosema ndivyo alivyomkaza, na kadiri alivyomkaza ndivyo kiganja chake kilivyokandamiza vile vidonda, na hakujua pengine pa kumshika.

Mama mmoja wa makamo, kiti cha mbele, alimhurumia. Alikunja pindo la joho lake la jalaba, akatandaza mapaja, akanyoosha mikono.

"Huwezi kumshika, kaka," alisema kwa upole. "Nipe nikushikie mtoto."